Nyuma ya mpira usio na nyuma

Chukua mpira mmoja wa tenisi ya mezani, ule mweupe mwepesi, uukate katikati kwa wembe. Nenda polepole, ganda lake ni gumu kuliko linavyoonekana, na wembe ukiteleza kidole ndicho kinacholipa. Ukimaliza una vikombe viwili vidogo vilivyo wazi. Shika penseli wima, kisha ivishe kikombe kimoja kama unayeivisha kofia. Sasa inama uangalie kutoka juu, jicho likielekea kileleni.

Huoni kofia. Unaona mpira mzima uliokaa juu ya kitu fulani.

Ivue, igeuze, ujiridhishe kwamba ndani ni tupu. Irudishe. Mpira nao umerudi. Nimeshakata mipira mitatu kwa ajili ya kuwaonyesha watu jambo hili, na sijampata hata mmoja, nikiwemo mimi niliyeshika wembe, aliyefaulu kuiona kofia kwa sababu tu anajua ni kofia.

Wafanya mazingaombwe walilijua hili kabla ya wanasaikolojia. Ule mchezo wa mpira mmoja kuzaa wa pili kati ya vidole hutegemea ganda tupu lililouvaa mpira halisi. Fundi anauchomoa mpira kutoka ndani ya ganda, anauweka pembeni yake, na ukumbi mzima unahesabu mipira miwili. Vebjørn Ekroll, Bilge Sayim na Johan Wagemans, wakiwa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, waliuchambua mchezo huo katika makala ya kisayansi ya mwaka 2013. Kilichowavutia ndicho kilichonifanya nikate mipira: kiinimacho hiki hakihitaji mtazamaji mjinga. Ukiwa umeelezwa siri yote, bado unaona mpira.

Watu wengi wakiulizwa jicho linajazaje sehemu zisizoonekana husema, “Tunakisia. Tumeshaona mipira mingi, basi akili inamalizia.” Jibu hilo linaingia akilini upesi, ila nusu ya mpira inalikataa. Kama ni kukisia kwa kutumia tunachokijua, mimi ninayejua kwamba nyuma hakuna kitu ningepaswa kukisia utupu. Kinachofanya kazi hapa ni kitu kingine. Uonaji una jiometri yake na kanuni zake, unazitekeleza kabla hujapata wazo, na hauombi ushauri wako.

Visivyokuwepo vinavyoonekana, vilivyopo visivyoonekana

Ukidhani hili ni jambo la mipira iliyokatwa tu, inua macho. Kiti kimefichwa nusu na meza. Kikombe kimeficha kona ya kitabu. Na hata kitu ambacho hakijazibwa na chochote kimejiziba chenyewe, kwa kuwa chochote kisichopitisha nuru huonyesha uso wake wa mbele na kuufunika wa nyuma. Tukihesabu kwa haki, sehemu kubwa ya nyuso za vitu tunavyosema tunaviona hatujaiona.

Neno kontua wengi tulilikuta kwenye ramani, ile mistari inayouzunguka mlima. Wanaochunguza uonaji wanalitumia kwa maana nyingine kidogo: ni mstari ambapo kitu kinaishia machoni, ukingo wa umbo lake. Kontua ya vipimo vitatu ni ukingo huohuo usioenda tu kushoto na kulia au juu na chini, bali pia unakujia au unakukimbia. Ukingo wa meza unaoanzia tumboni pako na kuishia ukutani ni mfano mzuri. Picha inayotua ndani ya jicho ina urefu na upana. Kina lazima kitafutwe.

Mwanasaikolojia Gaetano Kanizsa wa Trieste, Italia, alichapisha mwaka 1955 mchoro ambao huenda umewahi kuuona: duara tatu nyeusi, kila moja imekatwa kipande kama cha keki, midomo ya vipande hivyo ikielekeana. Katikati inatokea pembetatu nyeupe, kali, yenye kingo, nyeupe kuliko karatasi yenyewe. Hakuna aliyeichora. Ziba duara moja kwa kidole na pande mbili za pembetatu zinalegea papo hapo. Huo ni ukingo unaoonekana bila kuwepo.

Kinyume chake ni ukingo uliopo bila kuonekana: kona ya kitabu nyuma ya kikombe. Huioni kwa maana ya kuona rangi au mstari, lakini kitabu hakionekani kuwa na pengo lenye umbo la kikombe. Albert Michotte, ambaye naye alikuwa wa Leuven, ndiye aliyeufanya ukamilishaji wa aina hii kuwa mada ya utafiti. Aina hizi mbili hutofautiana sana kwa namna zinavyohisika. Swali lililowagawa wataalamu ni kama chini kwa chini ni kazi moja. Nitalirudia, maana hapo ndipo kina kinapoleta fujo.

Kipande kipi kiungane na kipi

Tuseme kizuizi kimeficha sehemu ya kati, na pande zake zimechomoza kingo mbili. Je, ni ukingo mmoja unaopita nyuma, au ni viwili vya vitu viwili? Mwaka 1991 wanasaikolojia Philip Kellman na Thomas Shipley walitoa kanuni ambayo tangu hapo haijaondoka mezani, hata kwa wanaoipinga. Refusha kila ukingo kwa mstari ulionyooka kutoka pale unapopotea. Mistari hiyo ikikutana, na pembe ya kukunja ikiwa haizidi nyuzi 90, kingo hizo zinaungana. Kiungo chenyewe huwa tao laini linalokunja upande mmoja tu. Tao linalokwenda kulia kisha likarudi kushoto, kama herufi S, jicho halilikubali. Zikikunja kupita pembe mraba, haliungi pia. Linaona vitu viwili.

Kanuni hii haisemi lolote kuhusu mipira, viti au vitabu. Haina habari na majina ya vitu. Ndiyo maana inafanya kazi pia kwa maumbo ambayo hujawahi kuyaona, vipande vya ajabu vilivyochorwa maabara makusudi visifanane na chochote.

Nguvu ya kiungo inategemea pia pengo. Shipley na Kellman walionyesha mwaka 1992 kwamba muhimu si urefu wa pengo kwa milimita, bali uwiano: ni sehemu gani ya ukingo wote imeonekana na ni sehemu gani imejazwa. Hilo lina faida ambayo ni rahisi kuipita bila kuitambua. Ukisogea mbali na mchoro, pengo na kingo hupungua pamoja, uwiano unabaki vilevile, na umbo halivunjiki. Kanuni ya milimita ingekuvunjia vitu kila unapopiga hatua.

Mpaka hapa tumebaki kwenye karatasi. Ukitoka kwenye karatasi kanuni inakuwa ngumu zaidi kutimiza, na nadhani ni hapo inapopata nguvu yake.

Chora mistari miwili ovyo kwenye karatasi. Isipokuwa sambamba, ukiirefusha lazima ikutane mahali fulani. Sasa shika vijiti viwili hewani ovyo, kimoja kila mkono, ukavirefushe kwa mawazo. Karibu kila mara havikutani: kimoja kinapita juu ya kingine, au mbele yake. Katika vipimo vitatu, mistari miwili kukutana ni sadfa nadra. Kwa hiyo jicho likipata kingo mbili ambazo kweli zinaelekeana angani, ushahidi kwamba ni za kitu kimoja ni mzito kuliko ungekuwa kwenye karatasi. Kellman, Patrick Garrigan na Shipley waliipanua kanuni yao hivyo mwaka 2005. Kingo zilale karibu kwenye bapa moja, popote bapa hilo lilipoinamia, zikutane, na zisikunje kupita nyuzi 90.

Walilipima bila kumuuliza mtu “unaona nini?”, swali ambalo majibu yake hayaaminiki sana. Walionyesha nyuso mbili bapa zilizoinama kuelekea kwa mtazamaji au mbali naye, na pengo katikati, wakitumia vifaa vinavyoonyesha kila jicho picha yake. Kazi ilikuwa kusema upesi kama nyuso hizo ziko sambamba au zimeinamiana. Nyuso zilizotimiza kanuni ziliamuliwa haraka zaidi na kwa usahihi zaidi. Kisha walisogeza uso mmoja ili kuvunja mpangilio bila kugusa mwinamo unaoulizwa, na faida ikapotea. Ikiwa kitu kinaonekana kimoja, mwinamo wake wote unasomwa kwa pamoja. Vikiwa viwili, unahesabu mara mbili.

Bahasha na penseli mbili

Hili unaweza kulifanya mwenyewe bila maabara, ila unahitaji mtu wa kushika bahasha. Akae pembeni, aishike imelala kwa upana, kama sentimita 40 mbele ya uso wako. Wewe shika penseli moja kwa juu na nyingine kwa chini, zote wima, nyuma ya bahasha, ili ncha moja ya kila penseli ifichwe. Funga jicho moja. Zisogeze mpaka zilingane. Unaona penseli moja ndefu inayopita nyuma ya bahasha.

Ukiwa bado umefunga jicho, isogeze penseli ya juu nyuma kama sentimita 5, ukiilinganisha upya ikibidi. Penseli moja bado ipo. Labda imeonekana nyembamba kidogo huko juu, basi. Sasa fungua jicho la pili. Zinaachana. Si kwamba unagundua kuwa ni mbili. Zinaachana mbele yako, ya juu inarudi nyuma na kujitenga, kana kwamba kuna mtu amekata kamba. Funga jicho tena, zinaungana.

Zishike wima, si kwa kulala. Macho yamepangwa kushoto na kulia, hivyo yanatofautiana vizuri kuhusu kitu kilichosimama. Penseli iliyolala ni kama haina cha kutofautishwa isipokuwa kwenye ncha zake, na ncha ndizo ulizozificha.

Jaribu pia hili, ambalo mimi ndilo linalonipendeza zaidi. Rudisha penseli kwenye kina kimoja. Kisha kichwa cha ile ya juu kiinamishe kwako, na mkia wa ile ya chini nao uulete kwako, kiasi cha nyuzi 20 au 30 kila moja. Kwa jicho moja bado zinaonekana kama penseli moja iliyonyooka. Kwa macho mawili unaona upinde: kitu kimoja kinachokwenda nyuma, kinakunja nyuma ya bahasha, kinarudi. Kiungo hakikuvunjika, kimehamia kwenye kina. Endelea kuinamisha. Kabla ya penseli kufikia pembe mraba kati yao ule upinde unaanza kulegea, na baadaye unabaki na penseli mbili zilizokutana ncha.

Taarifa iliyofanya haya yote, yaani tofauti kati ya picha za macho mawili, ni ndogo ajabu. Mboni za mtu mzima huachana kwa wastani sentimita 6.3 hivi. Vitu viwili vilivyo umbali wa sentimita 50 na 51 hutofautiana kati ya macho mawili kwa karibu dakika 8 na nusu za pembe, na nyuzi moja ina dakika 60. Ukivipeleka mita 1, tofauti ya sentimita ileile inashuka hadi dakika 2. Ukivipeleka mita 5 inakuwa kama sekunde 5 za pembe (dakika moja ina sekunde 60), chini ya kile ambacho macho ya watu wengi huweza kukitambua. Ndiyo sababu bahasha inafanya kazi mezani na haifanyi kazi barabarani. Kwa mbali jicho hutegemea dalili nyingine, hasa mwendo: ukisogeza kichwa, vya karibu vinahama kwa haraka kuliko vya mbali.

Ukingo ni wa nani

Kabla ya kuunga chochote, jicho lina kesi ya kuamua. Pale penseli inapokutana na bahasha kuna ukingo. Je, ni wa penseli au wa bahasha? Ukiwa wa penseli, penseli imeishia hapo na hakuna cha kujaza. Ukiwa wa bahasha, penseli imezibwa tu, na iko huru kuendelea nyuma. Kila ukingo una mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliye mbele.

Albert Bregman, aliyejulikana zaidi kwa utafiti wa usikivu, aliliweka wazi kwa mchoro wa mwaka 1981. Tawanya vipande vya herufi B kadhaa kwenye ukurasa mweupe: huoni kitu, vipande tu. Weka doa la wino palepale palipokosekana, bila kuongeza hata chembe ya herufi, na zile B zinajitokeza. Doa limedai kingo zake. Vipande vikaachiwa huru.

Ken Nakayama, Shinsuke Shimojo na Gerald Silverman walikwenda hatua zaidi mwaka 1989. Walikata picha za nyuso za watu kwa vipande vya milia, kisha kwa kutumia tofauti ya macho mawili wakafanya uso uonekane nyuma ya milia, au vipande vya uso vielee mbele yake. Wino uleule, vipande vilevile. Uso ukiwa nyuma watu waliutambua vizuri. Vipande vikiwa mbele utambuzi ulishuka. Vikiwa mbele, kingo za mkato ni zao wenyewe, hivyo kila kipande ni kitu kilichokamilika, na kilichokamilika hakitafuti mwenzake.

Kwa hiyo kina hakiongezwi mwishoni kama rangi juu ya mchoro uliokwisha. Kina ndicho kinachoamua mchoro uwe wa nini.

Seli za ubongo zinaonekana kukubaliana. Rüdiger von der Heydt, Esther Peterhans na Günter Baumgartner walipima mwaka 1984 seli za eneo liitwalo V2 kwenye gamba la ubongo wa nyani, hatua ya pili ya kuchakata picha, wakakuta seli zinazopiga ishara kwa ukingo wa kuwazika kama wa pembetatu ya Kanizsa. Mwaka 2000 von der Heydt, pamoja na Hong Zhou na Howard Friedman, walieleza kwamba zaidi ya nusu ya seli za V2 hujali ukingo ni wa upande upi: ukingo huohuo, mahali palepale, seli inapiga sana mwenyewe akiwa kushoto na kidogo akiwa kulia. Baadaye, mwaka 2005, Fangtu Qiu na von der Heydt walikuta seli zinazochanganya dalili za umbo na dalili za kina cha macho mawili, na zote mbili zikielekeza kwa mwenyewe yuleyule.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote hayo ni la Yoichi Sugita, la mwaka 1999. Alirekodi seli za V1, mlango wa kwanza kabisa wa picha kwenye gamba la ubongo, ambako vitabu vingi vilifundisha kwamba kila seli inaona kijipande chake na basi. Akaonyesha vipande viwili vya mstari vyenye pengo. Seli kimya. Akaweka kiraka juu ya pengo, katika kina kimoja na mstari. Kimya. Akakipeleka nyuma ya mstari. Kimya. Akakileta mbele, na baadhi ya seli zikapiga kana kwamba mstari umepita mzima nyuma ya kiraka. Ndicho kile kile ulichokifanya na bahasha, isipokuwa hapa anayejibu ni seli moja ambayo haijui penseli ni nini.

Palipo na ubishi

Kellman na wenzake wanashikilia kwamba ukingo unaoonekana bila kuwepo na ule uliopo bila kuonekana hutengenezwa na utaratibu mmoja. Tofauti ya kuhisika inakuja baadaye, pale kina kinapoamua kama ukingo uko mbele au nyuma. Barton Anderson, Manish Singh na Roland Fleming waliwapinga mwaka 2002 kwa michoro ya macho mawili: ukibadilishana picha za jicho la kushoto na la kulia, kilichokuwa mbele kinakwenda nyuma, na katika baadhi ya michoro yao umbo linalojazwa linabadilika kabisa. Kama kazi ni moja, walisema, umbo lingepaswa kubaki lilelile. Kwa maoni yangu hoja ya Anderson inauma zaidi, ingawa haiui kanuni ya kuelekeana kwa kingo; inachoua ni wazo kwamba unaweza kuunga kwanza na kuuliza kina baadaye.

Pingamizi lingine linatoka kwa Peter Tse. Mwaka 1999 alieleza kwamba mara nyingi tunachojaza si kingo bali ujazo, mwili mzima wenye ndani. Mchoro wake maarufu ni wa mnyama wa baharini: vipande vyeusi vilivyopinda vimetokeza hapa na pale, na mtu anaona mwili mmoja mrefu unaozama na kuibuka. Kingo za vipande hivyo hazielekeani kwa kanuni yoyote safi. Ni miili inayoelekeana. Na tukirudi kwenye nusu ya mpira, hakuna ukingo wa pili wa kuungwa nao. Kuna uso uliobenuka unaozunguka na kutoweka kwenye mzingo wake, na jicho linauendeleza uzunguke mpaka ufunge. Hapo kanuni ya kingo peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kanuni ya nyuso, na wako waliojaribu kuiandika.

Kuhusu kasi hakuna ubishi mkubwa. Allison Sekuler na Stephen Palmer mwaka 1992 walikuta kwamba duara lililozibwa sehemu linaanza kuchukuliwa kama kipande, na ndani ya milisekunde 200 hivi limeshakuwa duara zima.

Na watoto? Kellman na Elizabeth Spelke mwaka 1983 waliwaonyesha watoto wa miezi 4 kijiti kinachokwenda huku na huku nyuma ya kibao, katikati yake imezibwa. Walipokichoka, kibao kiliondolewa. Wakionyeshwa kijiti kizima hawakujali sana. Wakionyeshwa vipande viwili walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi, ishara kwamba hicho ndicho kilichokuwa kipya kwao. Kijiti kikiwa kimetulia, tofauti hiyo haikuonekana. Watoto wachanga wa siku chache hawaungi hata kwa mwendo, kwa jinsi walivyopimwa na Alan Slater na wenzake mwaka 1990. Kwa hiyo uwezo huu unakomaa ndani ya miezi michache, kabla ya maneno, na mwendo unatangulia.

Lionel Penrose na mwanawe Roger walichapisha mwaka 1958 pembetatu isiyowezekana, boriti tatu zinazokutana kwa pembe mraba kila kona, kitu ambacho hakiwezi kujengwa. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Richard Gregory, alikijenga hata hivyo. Boriti zake hazifungani. Ncha mbili ziko mbali, moja karibu nawe na nyingine nyuma. Lakini ukisimama mahali pamoja maalumu na kufunga jicho moja, ncha hizo zinalingana machoni, na jicho linaziunga. Boriti mbili kulingana kabisa kwa bahati ni jambo lisilotarajiwa, kwa hiyo uonaji unalipa dau lake kwenye upande wa pili: zimegusana. Sogea nusu hatua, pembetatu inapasuka. Rudi, inafunga, ingawa umeshaliona pengo kwa macho yako mwenyewe.

Sasa ichukue ile nusu ya mpira ambayo bado iko kwenye penseli. Ivue, uivishe kidole chako cha kati, kidole kikiwa kimesimama, na uangalie kutoka juu kama mwanzo. Ekroll na Sayim, pamoja na Ruth Van der Hallen na Wagemans, walilichapisha jaribio hili mwaka 2016. Mpira mzima umekaa juu ya kidole, na mpira mzima unahitaji nafasi, pamoja na ile nusu yake ya chini ambayo haipo. Lakini nafasi hiyo imeshakaliwa na kidole chako. Waliojaribu waliripoti kwamba kidole kinahisika kimekuwa kifupi, kana kwamba kimesukumwa chini kuupisha mpira. Mguso wa ndani ya ganda upo, kidole hakijapungua hata milimita, na mwenyewe anajua. Tikisa ncha yake kidogo ndani ya ganda. Inajibu kutoka chini kuliko ulivyotarajia.